Wimbo wa Bi Wari Usio na Kichwa

Wanangu mnaotembeza wageni mjini, khasa nyie wasichana mlioanza juzijuzi na viatu vyenu vyeupe, hebu kaeni hapa barazani nikwambieni. Viatu vyeupe kwanza viacheni. Vichochoro vyetu mnavijua, na maji ya mifereji hayachagui.

Mie magoti yamekataa. Hamsini sijaifikia, lakini magoti yangu yana umri wake mbali, ngazi za Mji Mkongwe zimeyala. Daktari kasema ngazi basi. Sasa mtembezaji asiyepanda ngazi ni wa nini? Asimame chini apige ukelele, "Huko juu kuna roshani nzuri, nendeni mkaitazame wenyewe"? Basi nimeacha kazi, nashona kofia. Nyie mnapita na wageni wenu, "Shikamoo Bi Mwanakheri," "Marahaba wanangu," kisha mnarudi jioni mnataka siri za kazi.

Siri zenyewe si nyingi. Mgeni akianza kutazama viatu vyake, hadithi yako ishamchosha, ikate. Mtu mzima usimuulize kama kachoka, hatokubali. Mwambie wewe ndo umechoka, muombe mkae. Mlango wa nakshi usimuelezee huku jua la saa saba liko usoni mwake; muweke yeye kivulini, wewe ndo upigwe na jua. Na vyoo. Ujue kila choo safi kuanzia mtaa wa Malindi mpaka Vuga, ujue nani ana ufunguo, na umuamkie huyo mwenye ufunguo kila asubuhi, hata siku huna mgeni.

Hizo ndogondogo. Kubwa ni lile nililofunzwa na Mwalimu Makame, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nikaja kufunzwa tena upya na bibi mmoja wa Kimohoki, aliyekuja hapa na nyimbo ambazo mjukuu wake wa pekee alikuwa hazitaki hata kuzisikia.

Mwalimu Makame alikuwa mwalimu wa skuli aliyestaafu, mfupi, mwavuli mkononi masika na kiangazi. Mie nilikuwa nimetoka kwenye masomo ya jioni na Kiingereza changu cha kubabaisha, nina watoto wawili, na mume wangu kanambia, "Nenda, lakini sala zisikupite." Hazikunipita. Siku ya mwanzo Mwalimu Makame akaniweka chini ya mwavuli wake akasema:

"Bi Kheri, usifungue mdomo mpaka umuulize mgeni katoka wapi. Kila mgeni anakuja na hadithi yake tumboni. Kazi yako ni kuijua, umpakulie ileile."

Basi ndo nikawa hivyo. Muingereza nampakulia Waingereza waliopiga vita biashara ya watumwa. Mjerumani nampakulia binti wa kifalme aliyempenda Mjerumani akakimbia naye. Mtu wa Maskati nampakulia majumba na karafuu. Mmarekani ambaye wazee wake walipelekwa utumwani, huyo simpakulii kitu, nasimama naye tu. Na njia ile ilinifaa, ila siku moja niliwapakulia mabwana wawili mapenzi yote ya yule binti wa kifalme, machozi, jahazi usiku, kila kitu, nikawaona wanatazamana. "Mama," mmoja akasema kwa upole, "sisi ni watu wa Denmaki. Huyu binti hatuna habari naye." Mwalimu Makame alicheka mpaka mwavuli ukamtoka.

Sehemu yangu khasa ilikuwa Mkunazini, pale kwenye kanisa kongwe lililojengwa palipokuwa na mnada wa watumwa. Mie Muislamu, nasali sala zangu tano, Ramadhani nafunga, Shaaban natanguliza funga za sunna, na kutwa nimo kanisani naeleza. Jirani yangu Mwajuma alikuwa hanipi nafasi.

"Kheri, iko siku utarudi una jina jipya. 'Mama Magdalena, karibu futari!'"

"Na futari yenyewe utanipa hunipi?"

"Ntakupa. Lakini utakula mwisho."

Sasa basi. Siku moja akanijia msichana wa kigeni, mrefu, nywele nyeusi kazifunga nyuma, anaongea Kiswahili cha Chwaka kitupu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo huko kwao, kaja kujifunza habari za mwani, na kina mama wanaolima mwani Chwaka ndo waliomfunza lugha. Jina lake Kahawi. Wenyewe kina mama walikuwa wakimwita Kahawa, naye akiitika, "Naam!"

"Bi Mwanakheri," akanambia, "bibi yangu anakuja kunitembelea. Anataka umuoneshe walipofikia wamishonari. Mie sitaki, lakini bibi ni bibi. Nakuomba usimpambie. Mpe uchungu wote."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akanieleza pale pale, tumesimama. Wao ni Wamohoki, wenyeji wa Amerika tangu hakujafika Mzungu, kule Kanada na Marekani zinapopakana. Bibi yake anaimba katika kwaya ya kanisa la kijijini kwao, nyimbo za kanisa kwa lugha yao wenyewe ya Kimohoki. Waliokuwa wakiimba naye wanakwisha, wengine wameshakufa, wengine sauti hawana. Anataka mjukuu azishike. Mjukuu kakataa.

"Nimemwambia sitoziimba mpaka naingia kaburini. Ni nyimbo za mapadri. Hao waliwachukua watoto wetu wakawaweka kwenye mabweni wakawapiga kwa kusema lugha yao. Leo niimbe nyimbo zao? Bibi anadhani akija huku nikamuona anazunguka makanisa ya Afrika, moyo wangu utalainika. Hautolainika."

Mie nikafanya nilivyofunzwa. Nikasema, huyu mgeni hadithi iliyoko tumboni nishaijua. Nikamwendea mwalimu wangu wa zamani wa jioni, akanisaidia kusoma mawili matatu juu ya hao Wamohoki, nikaitengeneza hadithi ya Mkunazini upya, chungu kama shubiri.

Bi Wari akafika. Nilitegemea mwanamke wa huzuni. Nikapata kibibi kifupi, nywele nyeupe kazisuka msuko mmoja mpaka kiunoni, viatu vya kukimbilia, na sweta kajifunga kiunoni katika joto la mwezi wa pili. Jina lake la ubatizo Maria, lakini kwa Kimohoki Maria huwa Wari, kwa sababu lugha yao haina sauti za kukutanisha midomo. Hakuna ma, hakuna ba, hakuna pa. Mapadri wa mwanzo walipata taabu kubwa, alisema, waliwafunza watu kufunga midomo wakashindwa, mwisho wakabadilisha wao majina ya watakatifu.

Alichoniuliza mwanzo kabisa, hata maji hajanywa: "Hapa kwenu nyumba ni ya nani, ya mwanamke au ya mwanamume?"

Nikamwambia, "Inategemea nani yuko karibu anasikiliza."

Akanipiga begani akacheka. Huko kwao zamani watu waliishi kwenye nyumba ndefu za magome ya miti, ukoo mzima chini ya paa moja, na nyumba ni ya wanawake. Ukoo unakwenda kwa mama. Mkuu wa ukoo ni mwanamume, lakini wanaomchagua ni kina mama, na wakimchoka wanamvua. "Tulipowasimulia mapadri wa Kifaransa jambo hilo," akasema, "waliandika kwao kwamba wametukuta washenzi." Alisema hivyo kama mtu aliyekuwepo.

Ukoo wake ni wa Kobe. Nikasema hewala, nikampeleka kisiwani Changuu kwenye makobe makubwa. Wanangu, nimepeleka wageni wengi Changuu, wote wanapiga picha. Bi Wari alikaa chini kwenye majani, akamkuna kobe mmoja shingoni, akamwambia, "Shangazi, umezeeka vizuri." Mjukuu wake alicheka, kisha akakumbuka kwamba amenuna, akageuka upande wa bahari.

Ndo hivyo walivyokuwa. Wanapendana, unawaona. Kahawi akimfunga bibi yake kamba za viatu bila ya kuambiwa. Lakini bibi akianza kuguna, mjukuu anahama. Maana Bi Wari alikuwa na tabia ya kuguna anapotembea. Sauti ya chini, inapanda kidogo, inashuka kidogo, inakaa palepale, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Mie nikadhani ni utu uzima. Hata sikuona kama ni wimbo.

Siku ya Mkunazini ikafika. Kahawi akakataa kuingia, akakaa nje chini ya mti. Nikampeleka Bi Wari chini kwenye vile vyumba walimofungiwa watumwa, kisha juu kanisani, nikampa hadithi yangu mpya yote. Jinsi watoto waliokombolewa majahazini walivyochukuliwa na wamishonari. Majina ya kwao yakatupwa, wakapewa ya vitabuni. Nguo mpya, kengele ya kuamka, kengele ya kula, kengele ya kusali. Wakaambiwa ngoma za kwao waziache. Lugha zao nyingi zikafa, wakabakia na Kiswahili. Nilikuwa na sauti ya kutosha siku hizo, na pale nilipotaka itetemeke, ikatetemeka.

Nilipomaliza, Bi Wari alikuwa kapiga magoti kwenye benchi anasali.

Nikasimama kama nguzo. Mgeni anayelia nnamjua, mgeni mwenye hasira nnamjua. Mgeni niliyemwambia mabaya ya wamishonari naye kaenda kupiga magoti, huyo Mwalimu Makame hakunifunza.

Akainuka, akakaa, akapiga mkono benchi nikae.

"Hadithi hii umeipika kwa ajili ya mjukuu wangu," akasema. "Nimeijua kwa chumvi yake. Ni ya kweli?"

"Ya kweli, bibi."

"Na ile unayowapakulia Waingereza?"

Nikatazama chini. "Na ile ya kweli."

"Sawa. Na sisi tunazo mbili." Kisha akanieleza, taratibu, kwa Kiingereza cha kunihurumia.

Zamani za mabibi wa mabibi zake wakaja mapadri kutoka Ufaransa. Wamohoki wakawaita Majoho Meusi. Wamohoki walikuwa watu wa vita, walinzi wa mlango wa mashariki katika ushirika wa mataifa yao, si watu wa kuchezewa. Wakaja Majoho Meusi na misalaba, na nyuma yao ikaja ndui. Vijiji vikafagiliwa. Wako waliosema hawa ndo wachawi walioleta maradhi, na mapadri wengine wakauawa. Wako waliosema hapana, hawa wanakaa na wagonjwa wetu wakati sisi wenyewe tunakimbia. Mji ukagawika, nyumba ikagawika, dada huku dada kule. Waliobatizwa wengi wakahama wakaenda kaskazini, kando ya mto mkubwa, wakajenga kijiji cha sala. Wengine baadaye wakafuata Waingereza na Ukristo wao wa namna nyingine. Na wengine hawakumfuata yeyote, wakabakia na ibada zao za nyumba ndefu, na wapo mpaka leo.

"Mie ni wa wale wa mto," akasema. "Sasa sikiliza. Nilipokuwa mdogo, mie na dada yangu tulipelekwa skuli ya bweni. Ilikuwa ya watu wa kanisa hilohilo. Tukisema neno moja la kwetu tunapigwa. Tulirudi nyumbani midomo imekufa ganzi, mama anatusemesha hatujibu. Jumapili akatupeleka kanisani kijijini. Kwaya ikaanza, na kwaya inaimba kwa Kimohoki. Wazee walishakataa zamani sana kuimba kwa lugha nyingine, na padri hakuweza kuwashinda. Dada yangu akanishika mkono. Lugha yangu ilirudi mdomoni pale, kwenye wimbo, ndani ya nyumba ya walionipokonya. Utaniambia niichukie nyumba hiyo au niipende?"

Hakungoja jibu.

"Mjukuu wangu anajua lile la skuli, nami sitaki alisahau. Lakini nikifa, hili la pili nani atalijua?" Akatazama madhabahu, akanigeukia. "Hao watoto wa skuli ya wamishonari wa hapa walizaa? Wajukuu zao wapo? Wao wanasema nini?"

Wanangu, hapo ndo nasema nilifunzwa kazi upya. Mie nnawajua. Nnaishi nao. Bi Agnesi wa Mbweni nimekula kwake Krismasi, kala kwangu Idi, bibi mzaa bibi yake alishushwa kwenye jahazi akiwa mtoto mdogo tu. Nimesimulia habari za wazee wake kwa Kiingereza kila siku, sijapata hata mara moja kumpeleka mgeni akaonane naye. Kwa nini? Kwa sababu Bi Agnesi huwezi kumpakulia mtu. Anajipakua mwenyewe.

Tukaenda Mbweni siku ya pili, sote watatu. Kahawi alikuja kwa sababu nilimwambia Bi Agnesi kapika.

Tulimkuta uwanjani anafua vitambaa vya kanisa, vile vyeupe vya madhabahu. Kazi hiyo katoka nayo kwa mama yake. Anavisuuza, anavitia kwenye wanga wa muhogo, anavikamua, anavianika, kisha pasi. Akanyanyua uso.

"Kheri! Leo umeniletea wageni, nami nimo na kanga ya kufulia?"

"Shikamoo Bi Agnesi. Wageni wenyewe wa nyumbani."

"Marahaba. Huyu mrefu nani? Mbona kanuna, kaachwa?"

Kahawi akajibu kwa Kichwaka chake, "Shikamoo bibi. Sijaachwa, sijaolewa."

"Alaa! Anasema! Marahaba mke mwenzangu. Basi tutagombania bwana, maana na mie sina." Nyie mnajua utani wa bibi na mjukuu kwetu. Kahawi alishauzoea Chwaka, akamjibu, "Bwana nakuachia, nipe chakula." Bi Agnesi akapiga kofi kwa furaha.

Bi Wari hakungoja kutafsiriwa. Alishaona kitambaa kirefu cha madhabahu kinataka watu wawili kukikamua. Akashika upande wa pili. Bi Agnesi akamtazama mikono, akaona inajua kazi, akamuachia.

Nikaanza mambo yangu, huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Nikamweleza Bi Agnesi habari ya lugha isiyofunga midomo. Akaacha kukamua.

"Mdomo haufungi kabisa?"

"Haufungi."

"Basi hiyo ndo lugha ya kugombana na mwanamume. Marehemu angenikoma."

Nikamtafsiria Bi Wari, naye akasema marehemu wake kweli alimkoma. Hapo ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Agnesi akanitandikia mkeka ukumbini kama kawaida yake, akanipa maji ya kutawadhia, nikawaacha. Nasali nasikia huko nje wanacheka, Bi Wari na Bi Agnesi, hata lugha ya kuulizana bei ya ndimu hawana. Walichekea nini sijui mpaka leo, na Kahawi nilipomuuliza akasema na yeye hakuelewa.

Nilipotoka, Bi Wari alikuwa anaguna ule mguno wake, mikono ikikamua. Bi Agnesi kainamisha kichwa anasikiliza. Ni muimbaji yule, kaimba kwaya tangu msichana.

"Kheri," akasema, "muulize mwenzangu, mbona wimbo wake hauna kichwa?"

"Vipi hauna kichwa?"

"Hiyo anayoimba ni sauti ya pili, ya chini. Sauti yenyewe ya wimbo iko wapi?"

Wallahi, wiki nzima nnausikia, sikujua. Nikatafsiri. Bi Wari akasita na kitambaa mkononi.

"Mwambie sikio lake zuri. Mie nimeimba ya chini maisha yangu yote. Ya juu alikuwa anaimba dada yangu, tulisimama pamoja tangu ile Jumapili. Kafa mwaka huu. Ya juu mie siiwezi, koo langu halifiki, na nikijaribu napotea. Nimebaki na nusu ya kila wimbo." Akamtazama Kahawi. "Nusu nyingine iko kichwani mwa huyu. Kalala mapajani mwa dada yangu akiimbiwa. Anazijua zote. Hataki."

Kahawi alikuwa keshasimama. "Bibi, nilishakwambia," akasema kwa Kiingereza. "Zile si zetu. Ni za mapadri."

"Maneno ni yetu."

"Maneno ya kumsifu nani?"

Bi Agnesi akanivuta kanga. "Wanasema nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ya chini, mjukuu hataki nyimbo kwa sababu ni za wamishonari waliowatesa. Bi Agnesi akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi. Akapangusa mikono. Kisha akaimba.

Kilikuwa kijiwimbo cha kutwangia, unasikia mchi ndani yake. Kifupi, kinakwisha kabla hujakizoea. Akakirudia. Maneno sikuyajua hata moja.

"Hicho ndicho alichoniachia bibi mzaa bibi yangu," akasema, na sasa anamtazama Kahawi usoni. "Alikuwa akikiimba kwa kujificha, kwa sababu nyimbo za kwao ziliambiwa ni za kishenzi. Kakiimba mpaka kakifikisha kwangu, lakini maana hakuifikisha. Nimewauliza Wanyasa, nimewauliza Wayao, nimewauliza Wamakua. Kila mmoja ananambia lugha hii si ya kwetu. Sijui namuimbia mtoto, au mvua, au mahari. Sijui mie ni mtu wa wapi. Wamishonari nnawapenda, walimtoa tumboni mwa jahazi, dini yangu ni yao na nitakufa nayo. Lakini mke mwenzangu, laiti wangekiweka hiki kanisani! Laiti wangekichukua wakakitia maneno ya Yesu, ya Musa, ya yeyote! Leo ningekuwa na watu wa kukiimba nao. Wewe bibi yako yu hai, anajua kila neno, kasimama mbele yako na nguo mbichi mkononi, unamwambia si lako?"

Sasa hapa pana kazi, wanangu. Maneno kama yale mtembezaji huyalainisha. Mgeni wako ni mgeni wako, hutaki arudi kwao ameumizwa. Nilikwishatayarisha, "Bi Agnesi anasema itakuwa vizuri mjukuu wako akifikiria..." Nikamtazama yule msichana, nikameza. Nikayatafsiri yote kwa Bi Wari kama yalivyotoka, na lile la nguo mbichi pia.

"Mie nimesikia," Kahawi akasema kwa Kiswahili.

Bi Agnesi akarudi kwenye beseni lake. Bi Wari akashika upande wake wa kitambaa, wakaanza kuzungusha, huyu kulia yule kushoto, maji ya wanga yakitiririka miguuni. Na kwa mazoea tu, nadhani, Bi Wari akaanza kuguna tena.

Kahawi kampa mgongo. Kisha nikaona mabega yake yanavuta pumzi.

Akaingia juu mno, sauti ikamkatika. Bi Wari hakugeuka, alishusha mkono mmoja tu kutoka kwenye kitambaa, kiganja kinatazama chini. Kahawi akaanza tena, chini kidogo. Hapo ndo nikausikia wimbo. Ule mguno wa mtu anayetafuta ufunguo ulikuwa ni sakafu, na sasa juu yake pana nyumba, ina kuta, ina paa. Mie kasida nimezaliwa nazo, mama yangu alikuwa akiziongoza, nnajua wanawake wakiimba kwa kupokezana mwili unakuwaje. Nikakaa kwenye ukingo wa baraza. Bi Wari alikuwa analia bila ya kuacha kukamua.

"Kheri," Bi Agnesi akaninong'oneza, "maneno yanasemaje?"

"Sijui, Bi Agnesi."

"Muulize."

"Simuulizi."

Wakafika mwisho. Kahawi akageuka, uso umemuiva, akasema kwa Kiingereza, "Kanisani siendi, bibi. Sikiliza. Siendi."

Bi Wari akajipangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Nani kakutajia kanisa?" akasema. "Ubeti wa pili umeukata katikati. Rudi mwanzo."

Akamtupia ncha ya kitambaa cha pili, Kahawi akaidaka, wakarudi mwanzo.